Dabo Ambayo Si Adhabu

Toleo lililopita sikuonekana kwa sababu ya zamu nne za usiku mfululizo, na anayezijua zamu za usiku za wodi ya wazee wakati wa baridi hatanilaumu. Leo narudi nikiwa na deni. Nilipoandika hapa kwamba siku yangu ya mapumziko naitumia kucheza briji, wengine mlicheka, wengine mkauliza ni karata gani hiyo, na dada mmoja wa Muscat, ambaye naona ameshanipita, akauliza swali moja tu: "Dabo hasi niitumie wakati gani? Kila nikiipiga mume wangu ananiacha palepale, tunachapwa."

Nilikusudia kumjibu kwa mistari kumi. Lakini dabo hasi imeninyima usingizi tangu Novemba, na sababu yenyewe si karata. Nianze na karata hata hivyo, maana deni ni deni.

Kwa wasioujua mchezo: mnakaa wanne, wawili dhidi ya wawili, mwenzako akiwa mbele yako kama katika arubastini yetu ya Tanga. Karata ni 52, kila mtu 13. Tofauti ni kwamba kabla ya kutupa karata ya kwanza kuna mnada. Kila mmoja kwa zamu anaahidi idadi ya mizunguko ambayo upande wake utashinda, na kutaja turufu. Hesabu inaanzia juu ya sita: ukisema "kopa moja" umeahidi mizunguko 7, "kopa nne" ni 10. Kwa cheo, pau ni ya chini, kisha uru, kopa, shupaza, na juu ya zote ni "bila turufu". (Majina haya manne, pamoja na turufu yenyewe, tuliachiwa na Wareno. Mwingereza wa klabuni kwetu alishangaa kusikia kwamba bibi yangu aliyajua kabla hajamwona Mwingereza.) Ree ina pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, zote pamoja 40. Mwenye kama 12 au 13 hufungua mnada.

Nyumbani tulipocheza karata, nusu ya mchezo ilikuwa kukonyezana. Kwenye briji kukonyeza ni wizi. Hata kusita kwa makusudi, au kuweka kadi kwa kishindo ili mwenzako aelewe, ni kosa. Una maneno 38 tu ya kutumia: ahadi 35, na pasi, dabo, ridabo. Siku hizi hata hayatamkwi. Kila mtu ana kisanduku cha kadi mezani, pasi ya kijani, dabo nyekundu yenye X. Kwa maneno hayo 38 lazima umweleze mwenzako yote yaliyo mkononi mwako. Ndiyo maana neno moja likiwa halina kazi nzuri, watu hulipa kazi nyingine.

Dabo ni neno la namna hiyo. Maana yake ya asili ni rahisi: hamwezi kutimiza mlichoahidi, na mkishindwa mtalipa zaidi. Ni adhabu. Alvin Roth na mwenzake Tobias Stone, wachezaji wa Kimarekani, walitazama jambo moja katika miaka ya 1950. Mwenzako akifungua, na mpinzani akaingilia kwa ahadi ndogo, ni mara chache mno unakuwa na karata za kumwadhibu. Mara nyingi una pointi kadhaa na aina nzuri ya kucheza, ila mpinzani amekuzibia njia. Wakasema dabo hapo isiwe adhabu, iwe ya kumwambia mwenzako: nina kitu, lakini mahali pa kukitajia nimenyimwa, sema wewe. Walipoitangaza, mwaka 1957, Warusi walikuwa wamerusha Sputnik angani, basi dabo hii ikaitwa Sputnik, na wazee wa Uingereza wengine bado wanaiita hivyo. Jina la kawaida ni dabo hasi. Sisi wa hospitali tunajua kwamba kipimo hasi mara nyingi ndiyo habari njema, kwa hiyo jina lisikutishe.

Chukua mfano huu. Mwenzako amefungua uru moja. Mpinzani wa kulia kwako akasema shupaza moja. Wewe una:

Shupaza: 7 3
Kopa: mfalme, ghulamu, 8, 4
Uru: 9 6 2
Pau: ree, 10, 7, 5

Pointi 8. Laiti mpinzani angenyamaza, ungesema kopa moja na maisha yangeendelea. Sasa kopa lazima iwe mbili, na "kopa mbili" hapo inaahidi karata tano na pointi 10 hivi. Huna. "Bila turufu moja" inaahidi kwamba una kizuizi cha shupaza. 7 na 3 havizuii hata mvua. Uru umezishika tatu, dhaifu. Ukipasi, huenda mwenzako ana kopa nne na mchezo wenu umekwenda. Piga dabo. Yeye akiwa na kopa nne na mkono wa kawaida atasema kopa mbili. Akiwa na nguvu zaidi ataruka hadi tatu au nne.

Dada wa Muscat, kanuni yenyewe ni hiyo. Dabo hasi ni ya mwenzake mfunguzi, na inaahidi hasa aina kubwa ambayo haijatajwa, kopa au shupaza, kwa karata nne. Mpinzani akiingilia kwa ngazi ya kwanza, pointi 6 zinatosha. Akiingilia kwa ngazi ya pili nataka 8, ya tatu 10, kwa sababu unamsukuma mwenzako juu na huko juu hakuna godoro la kuangukia. Kikomo cha juu hakipo: ukiwa na pointi 15 na kopa nne bado unaanza na dabo, kisha unaonyesha nguvu zamu inayofuata.

Watu wengi wanababaika pale mwenzako anapofungua uru na mpinzani akasema kopa moja. Shupaza moja bado inawezekana kutajwa, sasa dabo ya nini? Hapo tunagawana kazi: shupaza moja ni karata tano au zaidi, dabo ni nne kamili. Mfunguzi mwenye shupaza tatu anajua papo hapo kama mmefika nane. Na mwenzako akifungua pau, mpinzani akasema uru moja, dabo inasema nina kopa nne na shupaza nne pia. Akifungua kopa na mpinzani akasema shupaza moja, aina kubwa zote zimeshatajwa, basi dabo inaelekea pau na uru.

Una kopa tano au sita lakini pointi 7 tu, na kopa zinaanzia ngazi ya pili? Dabo kwanza, kopa baadaye. Mwenzako ataelewa: ndefu lakini dhaifu, usikimbie nayo.

Usiipige dabo hii ukiwa na jibu bora. Mwenzako amefungua shupaza na wewe una tatu: muunge mkono, acha ujanja. Una karata tano na pointi za kutosha: taja. Una kizuizi cha uhakika na mkono uliosawazika: bila turufu. Mpinzani akiingilia kwa "bila turufu moja", dabo inarudi kuwa ya adhabu, kwa sababu hapo mwenye pointi 9 au 10 anajua kabisa kwamba upande wake una wingi. Mkubaliane pia inaishia ngazi gani. Sisi tuliandika shupaza tatu. Juu ya hapo dabo ni ya kutaka malipo.

Swali linabaki: ukiwa kweli na karata za kumwadhibu yule aliyeingilia, tano za aina yake, nene, ufanye nini? Unapasi. Unapasi kwa uso uleule ambao ungetumia ukiwa huna kitu. Ikizunguka mpaka kwa mfunguzi, naye akiwa na karata moja au mbili tu za aina ya mpinzani, kazi yake ni kupiga dabo ya kufungua tena, hata kama mkono wake ni wa kawaida, kwa kukudhania umekaa kimya kwa makusudi. Hapo ukipasi tena, adhabu imepatikana. Mfunguzi asiyefanya hivyo ndiye anayeua mfumo mzima. Sijui mumeo ni yupi kati ya hao, dada, lakini anaonekana anaichukua dabo yako kuwa ile ya zamani. Muulize alijifunza karata mwaka gani na kwa nani. Sitanii, na sasa nawaambia kwa nini.

Aliyenifundisha yote haya ni mzee mmoja wa hapa Leicester. Nitamwita Mzee, ndivyo ninavyomwita. Ni Mhindi wa Kampala. Alizaliwa kule, alikuwa na duka la vitambaa, na Agosti 1972 Amin alipotoa siku 90 aliondoka na mkewe na sanduku mbili. Mji huu wenyewe ulikuwa umetangaza gazetini kule Uganda kuwaomba wasije. Mzee husema hakuwa amewahi kusikia jina la Leicester mpaka aliposoma tangazo hilo, akaona kama wanajisumbua kulipia tangazo basi lazima pana kitu.

Tulikutana miaka minne iliyopita foleni ya duka la dawa. Nilikuwa kwenye simu na mama, naye nyuma yangu akacheka mahali ambapo mama alichekesha. Kiswahili chake ni cha dukani: "Sista, wewe nazungumza kama redio." Kumbe alikuwa akitafuta mwenza wa briji, mkewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia na kiti cha mbele kikiwa wazi. Nilimwambia najua arubastini tu. Akasema inatosha, watu wanaojua arubastini wanajua kuhesabu turufu, mengine ni kukariri.

Basi kila Jumatano mchana nisipokuwa zamu, ananipitia na gari lake dogo la bluu, tunakwenda ukumbini, meza nane au tisa, chai na biskuti saa nane na nusu. Mimi mwenye stashahada ya Tanga na shahada ya hapa, niliyefika nchi hii nikiwa na miaka 27 na kwa miaka mitano sikuwa na mahali pa kwenda ila kazini na kanisani, nilipata mtu wa kunigombeza kwa Kiswahili. Wenye kuishi mbali na kwao mnajua hiyo ni riziki.

Mzee alijifunza briji Kampala miaka ya 1960, ujana wake, na kule alipojifunza dabo ilikuwa dabo: mtu analipa. Dabo hasi aliipokea akiwa hapa, mtu mzima, na aliipenda kama mtu anavyopenda dini aliyoingia mwenyewe. Kwenye kadi yetu ya makubaliano, ile karatasi inayowaonyesha wapinzani tunachezaje, aliiandika kwa mkono wake, herufi kubwa, akapiga mstari mara mbili.

Jumatano moja ya Novemba alifungua uru moja. Mpinzani akaruka hadi kopa mbili. Mimi nilikuwa na mfalme, malkia, 9 na 5 za shupaza, kopa moja, uru tatu, na pau tano zikiongozwa na ree na ghulamu. Pointi 10, shupaza nne. Hata mwanafunzi wa wiki ya tatu anapiga dabo hapo. Nikapiga. Pasi. Mzee akatazama kadi yangu nyekundu, akatabasamu, akaweka pasi.

Tukacheza dhidi ya kopa mbili zenye dabo. Nikaanza na uru yake. Wakapata mizunguko 8 kamili, na dabo ikawageuzia ahadi ndogo kuwa mchezo mzima: 470 kwao. Mzee alikuwa na shupaza nne, ree na ghulamu. Tungecheza shupaza tungepata mizunguko 9, 140 kwetu.

Hayo hutokea. Baada ya zamu ya usiku nimewahi kusahau mabaya zaidi. Kilichonishtua ni mazungumzo ya baadaye. Nilimwuliza taratibu kwenye chai kama hakuiona shupaza yangu. Akasema, "Sista, dabo ni dabo. Kopa mbili, mimi nafikiri wewe iko na kopa nyingi. Watu nalipa." Nikamwambia, Mzee, ile ni dabo hasi. Akaniuliza dabo hasi ndiyo nini. Nikatoa kadi yetu nikamwonyesha. Aliitazama muda, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa mara mbili, akasema, "Nani naandika hii?"

Nawahudumia wazee kila siku. Najua kwamba kusahau kitu si ugonjwa, na najua kwamba mtu anayekumbuka kwamba amesahau ni tofauti na asiyekumbuka kwamba kitu hicho kilikuwapo. Najua pia kwamba la zamani hubaki wakati la juzi linaondoka: Kampala ilikuwa imebaki, Leicester ilikuwa inaondoka. Lakini najua vilevile kwamba si kila kuchanganyikiwa ni kile tunachokiogopa. Maambukizi ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee kwa siku mbili. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi polepole, dawa mpya ya usingizi, huzuni ya mjane, masikio yasiyosikia: yote hayo huvaa sura hiyohiyo, na mengi yanatibika. Ndiyo maana mtu anapaswa kwenda kwa daktari mapema, siyo kufichwa ndani kwa aibu. Mzazi wako aliye huku au aliye nyumbani akianza hivi, usikubali jibu la "ni uzee tu" kabla damu haijapimwa.

Yote hayo niliyajua, na wiki tatu nilinyamaza. Sina cha kujitetea. Nilijiambia mimi si nesi wake. Nilijiambia ana binti hapa mjini, mtu mzima, anakuja kila Jumapili, yeye ataona. Nilijiambia nikisema atajiona mgonjwa mbele yangu, na Jumatano zetu zitakufa. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa la kweli.

Wiki ya tatu tukirudi, alipita kona ya nyumbani kwangu, kona aliyoikata miaka minne. Akaenda moja kwa moja mpaka taa za pili, akasimama taa zikiwa za kijani. Gari za nyuma zikapiga honi. Akanigeukia akauliza, kwa Kiingereza safi, tunakwenda wapi.

Hapo haikuwa tena suala la karata wala la heshima. Kulikuwa na watoto wa shule barabarani.

Nilimwelekeza, tukafika, akazima gari. Wengine mtasema ningempigia simu binti yake kimyakimya. Nilifikiri hivyo, na kama angekataa kusikia ningefanya. Lakini ni mzee wangu. Kumsengenya kwa mtoto wake kabla sijasema naye uso kwa uso sikuweza. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo yako iko palepale, lakini kuna neno. Kuna vitu naviona. Dabo ile, na leo njia. Sijui ni nini na sitaki kukisia. Ila nimeviona, na siwezi kukaa kimya."

Alikaa mikono ikiwa kwenye usukani. Nilihesabu, kwa mazoea ya kazi, pumzi zake. Kisha akasema:

"Sista. Hii dabo gani? Ya adhabu, ama ile ingine?"

Nikasema, "Ile nyingine, Mzee."

"Basi mimi nasema," akajibu, na akasema. Kwamba tangu kiangazi anaandika kwenye vikaratasi. Kwamba aliacha gesi ikiwaka mara mbili. Kwamba alimwambia binti yake miwani ndiyo mbaya, wakanunua miwani mpya. Kwamba anaogopa si kufa, anaogopa siku ya kusahau jina la mkewe. Tulikaa ndani ya gari lile mpaka vioo vikajaa ukungu.

Alimwambia binti yake mwenyewe, Jumapili iliyofuata, mimi nikiwa jikoni nakata vitunguu ili nisitazame. Dada alilia kidogo, kisha akanikasirikia kidogo, kwamba wiki tatu ni nyingi. Ana haki. Daktari wao amechukua damu, amempeleka kupimwa masikio, na amemwandikia rufaa ya kliniki ya kumbukumbu. Tunangoja tarehe. Funguo za gari Mzee alizitoa mwenyewe kwa sasa. Ugonjwa ukithibitishwa, sheria ya hapa inamtaka aijulishe mamlaka ya leseni, nao wataamua. Siku hizi Jumatano tunapanda basi, naye analalamika kuhusu bei wakati anapanda bure.

Na karata? Sikutaka kuacha, wala yeye. Tulichukua kadi mpya ya makubaliano tukaandika upya. Dabo hasi tumeiondoa. Tunacheza dabo ya Kampala, ya malipo, kwa sababu hiyo hajawahi kuikosea. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwa kanuni za mnada za Uingereza dabo ya adhabu hapo ndiyo siku hizi inayohesabiwa kuwa ya ajabu, lazima mwenzako aweke kadi ya tahadhari mezani, na sisi tunawaambia wapinzani kabla hatujaketi vizuri. Vijana wa meza ya tatu walidhani ni mbinu mpya kabisa.

Tunapoteza pointi kwa mfumo huu, si chache. Dada wa Muscat, usituige. Lakini kama mumeo ni wa dabo ya Kampala na hataki kubadilika, mnaweza kuishi hivyo, mradi mmekubaliana wote wawili na mfunguzi akumbuke ile kazi yake ya kufungua tena.

Jumatano iliyopita alifungua uru moja, na kulia kwangu wakasema shupaza moja. Nikatazama mkono wangu: kopa nne nzuri, pointi 8, shupaza mbili ndogo. Mkono uleule niliowaandikia hapo juu, karata chache tu zikitofautiana. Sikuwa na neno. Nikapasi. Kushoto kwangu wakapasi. Mzee alikaa, akagusa kisanduku, akarudisha mkono, akagusa tena, kisha akatoa ile nyekundu akaiweka sawa kabisa na ukingo wa meza. Kule Kampala pia walifungua tena hivyo wakiwa na shupaza moja mkononi.

Nikasema kopa mbili. Tukapata mizunguko 9, 140 kwetu, na alizicheza uru zake nilipozihitaji zote, maana zilikuwa zimelala mezani na mimi ndiye niliyekuwa nacheza.

Tulipokuwa tunakusanya karata aliinama kuelekea kwangu. "Sista, wewe iko na kopa nzuri hivi. Kwa nini nakaa kimya?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, Mzee."

Akakubali kwa kichwa, akasukuma sahani ya biskuti upande wangu, na wapinzani wapya wakaketi.